Majiko Matatu ya Mrisho

Sogeeni, msibanane mlangoni. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala jini. Ina mwanamume mmoja, wake zake watatu, na moyo uliokaribia kusimama mchana kweupe. Mimi nitasimulia, ninyi mtahukumu. Ila asihukumu mtu kabla sijanyamaza.

Palikuwa na seremala mjini Tabora aitwaye Mrisho Kapama. Milango yake ya mninga ilisifiwa mji mzima. Alikuwa na wake watatu na kila mmoja na nyumba yake: mkubwa alikaa Ng'ambo, wa kati Isevya, mdogo Kiloleni. Aliwazungukia kwa zamu, na kwenye zamu alikuwa mwadilifu. Hakumwibia mtu usiku wake.

Mke mkubwa aliitwa Nyamizi, na kipaji chake kilikuwa macho. Mrisho angeweza kuficha hasira zake kwa kila mtu, lakini Nyamizi alizijua kwa namna alivyovua viatu. Alijua homa ya mtoto kabla mtoto hajalia. Majirani walikuwa wakimletea wagonjwa wao awatazame tu, basi.

Wa kati aliitwa Mwamvita, na kipaji chake kilikuwa mikono, pamoja na kifua kisichomwogopa binadamu. Alikuwa msusi. Alisuka kutwa nzima mikono ikiwa juu na hachoki. Mtu akimkatia foleni bombani, ndoo yake ilirudishwa nyuma na yeye mwenyewe akafuatia.

Mdogo aliitwa Tausi, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Simaanishi ulimi wa maneno. Alionja mchuzi wa mtu akamwambia alichotia, alichosahau, na kama alikuwa amenuna alipokuwa akipika. Sambusa alizokuwa akiuza barazani kwake watu walizifuata kutoka mitaa ya mbali.

Basi, Mrisho alikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa mdomoni. Akila kwa huyu, alimsifia yule. Angekaa kwa Nyamizi, amege ugali, kisha aseme, "Yale maini ya Mwamvita ya juzi, wallahi, nusura nile na sahani." Akienda kwa Mwamvita aliuliza, "Hivi wewe huwezi kupata rangi ile ya samaki wa Nyamizi?" Na akifika kwa Tausi, bibi mdogo, ambaye angedhani ameshawapita wenzake wote, alimwambia, "Sambusa nzuri. Ila wali wa Isevya una utamu wake."

Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anawatia moyo wapike vizuri. Alichowatia ni wivu, na wao wakautia wivu huo kwenye sufuria.

Nyamizi hakumwaga mafuta ya kukaangia tena. Yaliyobaki leo aliyakaangia kesho, na kesho kutwa, akaongezea kidogo juu, mpaka yakawa meusi na kutoa povu, kwa kuwa mafuta ya namna hiyo ndiyo yaliyompa samaki rangi aliyoitaka mumewe. Mwamvita aliyeyusha mafuta ya ng'ombe akayamwaga kwenye wali ukang'aa. Tausi alikaanga kila kilichokubali kukaangwa. Jioni kila mmoja alitaka kujua mwenzake kapika nini, na kesho yake akazidisha. Mrisho alikula kote, akanawa, akawasha sigara. Kitambi kikaja. Halafu ikaja tabia ya kusimama njiani akijidai anamsalimia mtu, kumbe anatafuta pumzi.

Sasa ikafika siku ya posa ya Kibibi, binti wa Nyamizi. Washenga walikuja na kanzu zao nyeupe, wakakaribishwa chini ya turubai Ng'ambo. Wake wote watatu walikuwapo. Mwamvita alikuwa kwenye masufuria uani. Tausi, kwa khanga mpya, alikuwa akipitisha sinia la sambusa kwa wageni. Nyamizi, mama wa binti, alikaa ndani kama desturi inavyotaka, akitazama nje kwenye upenyo wa pazia.

Mshenga mkuu alisema maneno yake mazuri, akamaliza, akangoja. Zamu ya kujibu ilikuwa ya Mrisho. Mrisho hakujibu. Alikuwa anajisugua taya.

"Kiungulia," alisema mwishowe. "Nisameheni. Ni hizi sambusa." Watu wakacheka. Ndugu yake mmoja akaagiza maji ya tangawizi.

Hapo pazia likafunguka, na Nyamizi akatoka akaingia katikati ya wanaume.

"Baba Kibibi, mkono wako wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu. Rudi ndani, unaniaibisha."

"Mbona umeulaza kama si wako?"

"Nimesema ni kiungulia!"

"Ukiwa na kiungulia unanung'unika, nyumba nzima inajua. Leo umenyamaza, na jasho linakutoka umekaa kivulini. Kaka yangu Seif alikaa hivi hivi, tukampa tangawizi, na jioni tukamzika." Akawageukia washenga. "Wageni wetu, mniwie radhi. Posa imeishia hapa."

Mshenga mkuu akasimama, akakung'uta kanzu. "Yaani mnatufukuza?"

"Nawaomba mtupishe njia."

Wakaondoka wamenuna. Ule upande haukurudi tena. Kijana aliyekuwa akiposa alioa kwingine, na Kibibi, aliyekuwa akimpenda, alilia mpaka sauti ikamkauka. Nyamizi alijua hilo linaweza kutokea wakati ule ule alipofungua mdomo. Akaufungua.

Hapo ndipo Mwamvita alipotoka uani. Aliwakuta wanaume wanajadiliana: huyu anataka mgonjwa apumzike kwanza, yule anataka aitwe mtu wa dawa za mitishamba. Mrisho alikuwa ameanza kuteleza kwenye kiti. Tausi alikuwa wa kwanza kumdaka bega, naye Mwamvita akamsukuma.

"Toa mkono wako!"

Akaegemeza mgongo, akamvuta mumewe juu kama mtu anayebeba gunia, akatoka naye. Barabara ya magari ilikuwa mbali kidogo na njia ilikuwa ya mchanga. Mwamvita alipita na mume mgongoni, kilemba kimemdondoka, nywele nje, na watu wanatazama. Barabarani alisimama katikati mpaka pikapu iliyobeba mahindi ikafunga breki puani pake.

"Umechoka kuishi, mama?" dereva akafoka.

"Mimi sijachoka. Huyu hapa ndiye anayetaka kufa. Fungua nyuma!"

Alipomnyanyua kumpandisha juu ya magunia, kitu kikakatika begani mwake. Alikisikia. Akauma meno, akapanda.

Hospitalini waliambiwa wakae kwenye benchi, wataitwa. Mhudumu mmoja kijana alimtazama mgonjwa haraka haraka akampa dawa ya tumbo. Mwamvita hakukaa. Alikwenda kusimama kwenye mlango wa daktari akaujaza wote, asitoke mtu wala asiingie mtu, akapaza sauti. Daktari mmoja, mwanamama aitwaye Ishengoma, akatokeza kichwa.

"Nani anapiga kelele hapa?"

"Mimi. Na nitanyamaza ukishampima mume wangu moyo."

Wakampima umeme wa moyo. Daktari aliutazama ule mstari kwenye karatasi, akaacha kukunja uso, akaanza kukimbia. Wakamtafunisha aspirini, wakamchoma sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Mrisho akabaki hai.

Lakini bega la Mwamvita halikupona. Hata leo mkono ule hauinuki kupita kidevu. Na msusi asiyeweza kuinua mkono atamsuka nani? Wateja wake walimvumilia, wakachoka, wakahamia kwa wengine.

Mrisho alipopata nafuu kidogo, daktari aliwaita wake zake wote ofisini. Wakakaa, kila mmoja amempa mwenzake kisogo. Kila mmoja alikuja na swali lile lile moyoni, na Mwamvita ndiye aliyelitoa.

"Daktari, tuambie bila kuficha. Ni chakula cha nani?"

Daktari Ishengoma akawatazama mmoja mmoja.

"Nisikilizeni. Ndani ya damu kuna vichembe vinavyobeba mafuta yanayoitwa lehemu, wengine mnayaita kolesteroli. Kila mtu anavyo na mwili unavihitaji. Vikizidi, vinapenya kwenye ukuta wa mshipa na kukwama humo. Vikikwama vinaharibika, kama mafuta yaliyoachwa wazi yakachacha, au kama chuma kinavyopata kutu. Sasa, mwili una askari wake ndani ya damu. Askari wakiona vichembe vilivyochacha wanadhani ni adui, wanavimeza. Wanavimeza mpaka wanavimba, wanafia palepale. Ukuta wa mshipa unatunga kama jipu. Mtu anatembea na jipu hilo miaka na miaka bila kujua. Siku likipasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba, na misuli ya moyo inaanza kufa. Ndicho kilichotokea kwenye posa."

"Na kilichoviharibu hivyo vichembe ni nini?" Nyamizi akauliza taratibu.

"Mambo mengi. Sigara inaharakisha sana. Presha. Umri. Hata ukoo alimozaliwa. Mafuta mengi ya wanyama yanaongeza lehemu yenyewe. Mafuta yaliyokaangiwa tena na tena nayo si mema."

Kila mmoja alikuwa amejisikia ametajwa, na kila mmoja alikuwa amesikia mwenzake akitajwa zaidi.

"Mafuta meusi," Mwamvita akasema pembeni ya mdomo.

"Na mafuta ya ng'ombe je?" Nyamizi akajibu.

"Siwezi kuupasua mshipa nikawaonyesha hiki ni cha huyu, hiki ni cha yule," daktari akawakata. "Ninachojua ni hiki: angechelewa kuletwa, mngekuja kuchukua maiti. Na akirudi kula na kuvuta kama zamani, mfungo ujao hautamkuta."

Hapo zamu ikawa ya Tausi.

Mrisho alirudi nyumbani na mfuko wa dawa, na hasira. Alipopewa mboga ya kuchemsha akaisukuma. "Hiki ni chakula cha mfungwa. Kama ndiyo kupona kwenyewe, bora nife nimeshiba." Vidonge alivificha chini ya godoro. Sigara alivuta nyuma ya karakana. Nyamizi aliona kila kitu, lakini kuona hakukumfanya ale. Mwamvita alimfokea, lakini kufoka hakukumfanya ameze.

Tausi akazima jiko la sambusa. Karai kubwa, lile lililomlisha na kumvisha, akalitoa nje akampa jirani, kwa sababu harufu ya kukaanga ilimfanya Mrisho atamani. Wateja walikuja wakakuta baraza tupu. Akaanza kupika upya, kama mtu anayejifunza kusema. Akapika uyoga wa msituni kwa vitunguu na nyanya. Sato akamfunga kwenye jani la mgomba akamweka juu ya makaa, na ndimu, na pilipili manga. Kunde, mlenda, karanga kidogo sana zilizosagwa ndani ya kisamvu. Alionja, akamwaga, akaanza tena. Alikosea mara nyingi.

Siku moja Mrisho alimega tonge, akatafuna, akamega tena. Kisha akasema, "Hii ina mafuta."

"Haina."

"Tausi, usinidanganye."

"Haina hata tone. Ukitaka nyingine, meza kwanza kidonge."

Akameza. Kuanzia hapo kila sahani ilikuja baada ya kidonge, na haikuja kabisa kama nguo zake zilinuka sigara. Na ilipofika zamu ya wenzake, Tausi alipakia chakula kwenye hotpoti akakipeleka mwenyewe hadi Ng'ambo na Isevya. Fikirini hilo, ninyi mliowahi kuolewa. Mwanamke anakaa nyumbani kwake, ni zamu yake, na mume anakula chakula cha mke mwenzake mbele ya macho yake, tena analamba vidole. Nyamizi alikuwa akiipokea hotpoti bila salamu. Mwamvita alikuwa akiiacha nje mpaka paka wamezunguka.

Lakini Mrisho alipimwa, na lehemu ilikuwa imeshuka. Pumzi ikarudi. Randa ikaanza tena kusikika karakanani.

Mngesema hadithi imekwisha. Wivu haukukubali iishe. Nyamizi akaanza kumwekea mumewe kipande cha samaki wa kukaanga pembeni ya hotpoti, "kidogo tu, cha kuonja," maana hakuweza kuvumilia kwamba chungu chake kimesahaulika. Mwamvita naye akatia kijiko cha mafuta kwenye wali. Ugomvi ukawa wa kila wiki, na presha ya Mrisho ikapanda. Daktari Ishengoma alipoona kipimo kipya akafunga faili.

"Mzee Mrisho, majiko matatu yatakuua. Chagua nyumba moja, jiko moja, na utulivu. Huko ndiko utakakokaa. Wengine utawasalimia mchana."

Mrisho akaenda kwa sheikh. Sheikh akamwambia, "Zamu ni haki ya wake zako. Mmoja akitaka kumwachia mwenzake, aache kwa ridhaa yake, si kwa kulazimishwa." Mrisho akawaita wote watatu karakanani, wakakaa juu ya mbao, akawauliza nani atamwachia mwenzake.

"Mimi ndiye niliyeona," Nyamizi akasema. "Nisingeona, wao wangembeba nini na kumpikia nani? Nimemkosesha mwanangu harusi. Kibibi yuko ndani hadi leo, na hanitazami usoni. Kesho moyo ukimgeuka tena, nani atajua kabla yangu? Aje Ng'ambo."

"Kuona tu?" Mwamvita akacheka bila furaha. "Ungeona ukabaki umesimama na macho yako. Mimi ndiye niliyembeba. Huu mkono hapa, tazameni, hauinuki. Nimepoteza kazi yangu kwa ajili yake. Na hospitali ni karibu na kwangu. Aje Isevya."

"Mlimwokoa siku moja," Tausi akasema. "Mimi namwokoa kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Na mmekula matusi yangu? Mimi nimekula yenu, mlangoni kwenu, hotpoti mkononi. Aje Kiloleni, kwa anayemlisha."

"Unamlisha kwa mapenzi gani?" Mwamvita akadakia. "Ulitaka tu alale kwetu huku mdomo wake uko kwako!"

Tausi hakukana. "Ndiyo. Nilitaka hivyo. Na wewe ulinisukuma kwa nini siku ile? Tungembeba wawili, bega lako lingekuwa zima leo."

Mwamvita akaushika mkono wake mbovu. "Sikutaka, kama ni kufa, afie mikononi mwako."

Wote wawili wakamgeukia Nyamizi. "Na wewe, dada," Tausi akasema, "uliona kwa sababu gani? Mama wa binti siku ya posa hutazama washenga. Wewe ulikuwa unamtazama mume."

Nyamizi akasema, "Nilikuwa nangoja nione kama atainua macho ukipita na sinia na khanga yako mpya. Ukapita mara ya kwanza, hakuinua. Ukapita tena, hakuinua. Ndipo nikajua mume wangu anakufa."

Randa ilikuwa mezani na vumbi la mninga lilikuwa juu ya kila kitu. Mrisho, ambaye miaka yote aliusifia mchuzi wa huyu mbele ya yule, aliwatazama wake zake mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza hakumsifia yeyote. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Mwishowe wakakubaliana jambo moja tu: wasichague wao, wala asichague yeye. Wachague watu wasio na upande, na watakalosema lifuatwe.

Sasa sanduku la nguo za Mrisho liko ndani ya bajaji, na mfuko wa dawa uko juu yake. Yeye mwenyewe ameshakaa nyuma. Wake watatu wamesimama mlangoni mwa karakana, hawatazamani. Dereva amewasha injini, amegeuza shingo, anauliza, "Twende wapi, mzee?"

Mzee anageuka. Anawatazama ninyi.

Kwa mwenye macho aliyeona kifo kabla ya wote, akavunja posa ya mwanawe? Kwa mwenye mikono aliyembeba, akapoteza mkono? Au kwa mwenye ulimi anayemrudishia uhai sahani kwa sahani, akazima jiko lililomlisha? Na kama wote watatu walimuumiza kwa wivu, kisha kwa wivu huo huo wakamwokoa, je, wivu huo mnauhesabu upande gani?

Haya, mimi nimenyamaza. Wewe uliye karibu na mlango, anza: mwambie dereva aende wapi.